Usajili Hukosekana Kabla ya Siku ya Mwisho

Mtihani wa darasa la saba ukishapita, ofisi za shule za sekondari za binafsi mkoani Mara hupata mgeni ambaye makarani humjua kabla hajafungua mdomo. Amevaa nguo za kutokea, ana bahasha ya kaki mkononi, na nyuma yake amesimama mtoto mwenye sare ya shule ya msingi iliyoanza kumbana mabegani. Ametoka Bunda kwa Hiace ya alfajiri, au Butiama, au visiwani kwa mtumbwi wa injini. Anaomba fomu ya usaili. Karani anamwambia usaili umefanyika Jumamosi iliyopita, na majina yalifungwa kabla ya hapo.

Watu wakisikia habari kama hiyo husema mzazi ni mzembe. Wengi wao si wazembe hata kidogo. Akiulizwa taratibu, mzazi huyo atasema tangazo alilisikia kanisani au msikitini, na fedha alianza kuitafuta wiki hiyohiyo. Kilichomwangusha ni karatasi moja: cheti cha kuzaliwa ambacho hakijatoka, barua ya mwalimu mkuu aliyekuwa safarini, jina lililoandikwa kwa namna mbili kwenye vyeti viwili. Tarehe iliyoandikwa kwenye tangazo ni siku ya kupokea faili lililokamilika. Faili lenyewe lilitakiwa kuanza kukusanywa mtoto akiwa bado hajafika darasa la mwisho.

Kabla ya kuhangaika na tarehe, mzazi wa Musoma, Bunda au Butiama anahitaji kujua ni mtihani upi unaodai kujiandikisha na upi haudai. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea bure.

Shule za serikali za vipaji maalumu, yaani Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Kilakala, Msalato, Tabora Wavulana na Tabora Wasichana, haziuzi fomu za kuingia kidato cha kwanza. Mtoto hupangiwa huko na TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, kwa matokeo yake ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Shule za ufundi za serikali ni hivyohivyo, ikiwamo Musoma Ufundi iliyopo mjini Musoma. Anayemfuata mzazi na kumwambia, "Nina mtu Ilboru, lete hela ya fomu kabla ya Ijumaa," anamwibia. Na mzazi aliyelala bila usingizi akidhani amechelewa kumwandikisha mwanawe Kibaha apumue: hakuna alichochelewa.

Mtihani wenyewe wa darasa la saba hausajiliwi na mzazi. Shule ndiyo inayopeleka majina Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, chombo kilichoundwa mwaka 1973 ambacho siku hizi huhifadhi taarifa za kila mwanafunzi katika mfumo uitwao PReM. Mwaka 2024 mtihani huo ulifanyika tarehe 11 na 12 Septemba, na watahiniwa walikuwa zaidi ya milioni 1.2. Katika msafara mkubwa kiasi hicho kazi ya mzazi ni ndogo lakini haina mbadala. Aende shuleni mapema mwaka wa mtihani, aombe kuona jina la mtoto lilivyoandikwa na tarehe yake ya kuzaliwa, alinganishe na cheti. Na kama familia ina mpango wa kuhama, tuseme baba amepata kazi mgodini Buhemba au mama anarudi kwao Nyamuswa, uhamisho wa mtoto ufanyike kabla hajaingia darasa la mwisho. Uhamisho hupitia kwenye PReM, na mtoto anayehamishwa katikati ya mwaka wa mtihani anaweza kujikuta darasani sehemu moja na jina lake likiwa kwenye orodha ya sehemu nyingine.

Zinazobaki ni zile zinazodai kujiandikisha kweli: shule za binafsi, shule za madhehebu ya dini, na seminari. Kila moja ina fomu yake, ada yake ya usaili, siku yake na masharti yake, wala hakuna ofisi ya serikali inayozipangia kalenda moja. Nyingine hufanya usaili wa kwanza katikati ya mwaka, kabla mtoto hajafanya mtihani wa taifa. Nyingine husubiri Septemba ipite. Zipo zinazoita watoto shuleni kwao tu, na zipo zinazofungua vituo Mwanza na Musoma kwa siku moja. Mzazi anayedhani usaili wote ni wa Oktoba kwa sababu mtoto wa jirani alifanya Oktoba anaweza kufika wakati nafasi za shule anayoitaka zimejaa tangu Julai.

Seminari zina mlango wake wa pekee. Kwa Seminari ya Makoko hapo Musoma, kama ilivyo kwa seminari nyingine za Kanisa Katoliki, safari ya mtoto huanzia parokiani kabla ya kufika getini mwa shule. Paroko anatakiwa kumfahamu, kwa hiyo mtoto anayetokea kigangoni mara moja na fomu mkononi anampa paroko kazi ngumu. Cheti cha ubatizo huombwa parokia alikobatizwa, na kama alibatizwa parokia ya mbali kwa bibi yake, kukipata kunaweza kula wiki. Mzazi mwenye nia hiyo azungumze na katekista mtoto akiwa darasa la tano au la sita. Madhehebu mengine yenye shule katika mkoa huu nayo yana taratibu zake. Shule za Waadventista Wasabato ni mfano wa shule ambazo taarifa zake husambaa kanisani haraka kuliko mitaani. Mzazi asiye muumini wa dhehebu husika anaweza kabisa kuomba nafasi katika shule za namna hii, lakini itabidi alifuate tangazo mwenyewe, maana hatasomewa siku ya ibada.

Tatizo la karatasi linastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndilo linalowaangusha wengi.

Mtoto mmoja wa Butiama anaweza kuwa na majina matatu. Kwenye kadi ya kliniki ameandikwa jina la babu yake. Kwenye cheti cha ubatizo kuna jina la Kikristo na Magesa yenye "s" moja. Mwalimu wa darasa la kwanza, akiandika kwa kusikia, aliweka Magessa yenye "s" mbili, na ndivyo jina lilivyoingia kwenye PReM. Nyumbani hakuna anayeona tofauti. Mbele ya karani wa usaili hao ni watoto wawili, na karani hana mamlaka ya kuwaunganisha. Marekebisho ya upande wa shule hupitia kwa mwalimu mkuu, na ya cheti cha kuzaliwa hupitia RITA, wakala wa serikali wa usajili. Yote mawili huchukua muda usioendana na tangazo la wiki tatu.

Kuhusu cheti chenyewe: msajili wa vizazi na vifo wa wilaya yupo katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya, kwa hiyo mkazi wa Bunda au Butiama halazimiki kwenda Dar es Salaam, na maombi pia yanaweza kuanzishwa kwa mtandao kupitia mfumo wa RITA. Mtoto ambaye hakuandikishwa alipozaliwa ataombwa vielelezo: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo kama kipo, barua ya mtendaji wa kijiji au kata, kitambulisho cha mzazi. Barua ya mtendaji peke yake inaweza kumgharimu mtu safari mbili, kwa sababu mtendaji naye ana vikao na misiba. Mzazi mwenye mtoto wa darasa la nne anayesoma makala haya ana muda wa kutosha. Mwenye mtoto wa darasa la saba aende kesho.

Picha ndogo za pasipoti zipigwe mapema na zipigwe nyingi, nane au kumi, zihifadhiwe kwenye bahasha pamoja na nakala za vyeti zilizogongwa mhuri. Steshenari za Nyasho na za Bunda mjini hujaa siku za mwisho, na umeme ukikatika mashine ya kutoa nakala haifanyi kazi. Nakala zikae pia kwenye simu ya mtu mzima anayeaminika. Mzazi akiwa kisiwani Rukuba na tangazo likatoka Ijumaa, shangazi aliyeko mjini anaweza kupeleka fomu Jumatatu bila kumsubiri mtu yeyote avuke maji.

Upande wa fedha, kila eneo la mkoa huu lina msimu wake, na msimu haujui tarehe za shule. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa, na uvuvi huo hunoga giza likiwa nene. Mwezi ukiwa mpevu, kambi nyingi hulaza mitumbwi. Mvuvi anayepanga kulipa ada ya usaili "mwisho wa mwezi" wa kalenda anaweza kufika tarehe hiyo katikati ya mbalamwezi, akiwa anakopa hata unga. Busara ni kuitenga fedha ya fomu kwenye giza la kabla yake, siku samaki wanapopanda mizani. Mkulima wa pamba wa Bunda yeye huuza kuanzia katikati ya mwaka, msimu wa ununuzi ukishafunguliwa. Fedha hiyo huja miezi michache kabla ya Septemba na huisha upesi, basi ya usaili itolewe mwanzo, kabla ya bati na baiskeli. Ada ya usaili ni ndogo ukiilinganisha na ada ya shule, lakini ndiyo inayotakiwa siku ambayo mfuko hauna kitu.

Zipo nchi ambako umbali kati ya kujiandikisha na kufanya mtihani ni mkubwa zaidi. Huko Kent, Uingereza, ambako bado kuna shule za umma zinazochagua watoto kwa mtihani, mtihani hufanyika Septemba lakini usajili hufungwa tarehe 1 Julai. Hapa jirani, Uganda, Baraza la Mitihani la UNEB huwatoza nyongeza watahiniwa wanaoandikishwa baada ya muda wa kawaida. Kokote pale, mlango wa karatasi hufungwa kwanza na chumba cha mtihani hufunguliwa baadaye. Mzazi anayepiga hesabu kwa tarehe ya mtihani amekwisha kuchelewa. Hesabu nzuri huanzia siku ya kufunga majina na kurudi nyuma: wiki moja ya akiba kwa ajili ya msiba, mvua au mtandao, wiki mbili za barua na mihuri, na miezi kadhaa ya cheti cha kuzaliwa kama hakipo.

Lakini ili apige hesabu, lazima kwanza ajue kwamba nafasi ipo, na hapa historia ya eneo hili lenyewe ina somo. Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, hakuanza shule mpaka alipofikisha miaka 12 hivi. Husimuliwa kwamba Mtemi wa Ikizu, Mohamed Makongoro Matutu, alimwona akicheza bao, akatambua akili yake, akamshauri baba yake, Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, ampeleke shule. Ikizu leo ipo Bunda, na shule aliyopelekwa mwaka 1934 ilikuwa Mwisenge, Musoma, mwendo wa kilometa 40 hivi kutoka Butiama. Mwaka 1937 alikuwa tayari Tabora, shule iliyokuwa ikichukua vijana wachache sana kutoka nchi nzima. Mtu wa nje ya nyumba ndiye aliyejua shule ipo wapi na mtoto gani anafaa, na alisema kabla muda haujapita. Nafasi ya mtemi huyo leo wanayo mwalimu wa taaluma, katekista, imamu, muuguzi wa zahanati, binti wa kijiji aliyefika chuo. Mwalimu wa darasa la sita anayemwita mzazi wa mtoto mwenye akili na kumtajia shule mbili za kujaribu, pamoja na miezi ya usaili wake, humsaidia kuliko kundi la WhatsApp lenye matangazo 50 ambayo hakuna anayejua lipi ni la mwaka huu.

Hilo la matangazo linahitaji tahadhari. Picha za matangazo ya shule huzunguka miaka na miaka, zikiwa zimekatwa sehemu ya tarehe. Mzazi akipata moja, apige simu kwenye namba iliyopo kwenye fomu rasmi au bango la shule, aulize mambo manne: majina yanafungwa lini, usaili ni lini na wapi, karatasi gani zinatakiwa, na ada inalipwa kwa akaunti ya shule au kwa kontroli namba gani. Majibu ayaandike kwenye daftari pamoja na jina la aliyemjibu. Na akishalipa, asiishie kwenye risiti. Kulipa na kusajiliwa ni mambo mawili. Arudi kuuliza kama jina la mtoto limo kwenye orodha, na aombe namba yake ya usaili.

Tuseme sasa yote yameshindikana na majina yamefungwa. Saa 48 za mwanzo zina thamani kubwa kuliko wiki nzima ya kulaumiana nyumbani. Mzazi aende shuleni mwenyewe au apige simu, kwa heshima na bila hadithi ndefu, aulize kama kuna usaili wa awamu ya pili. Shule nyingi za binafsi huwa nayo, kwa sababu nazo zinahitaji wanafunzi. Kama haupo, aulize kama mtoto anaweza kufanyiwa usaili peke yake shuleni. Kama hilo nalo halipo, aombe jina liwekwe kwenye orodha ya wanaosubiri, na aache barua. Barua iwe fupi kama hii:

"Mheshimiwa Mkuu wa Shule, mimi ni mlezi wa mtoto (jina kamili), anayemaliza darasa la saba katika Shule ya Msingi (jina). Hatukuwahi usajili uliofungwa tarehe (tarehe), kwa sababu cheti chake cha kuzaliwa kilikuwa bado hakijatoka. Sasa vyeti vyote vipo tayari. Ninaomba afanye usaili siku yoyote shule itakayopanga, au jina lake liwekwe kwenye orodha ya wanaosubiri. Naambatanisha nakala ya cheti chake na maendeleo yake ya darasa la sita na la saba. Simu yangu ni (namba)."

Sababu itajwe kwa sentensi moja na iwe ya kweli. Walimu wakuu wamesoma barua nyingi zenye misiba ya kubuni.

Orodha ya wanaosubiri si faraja ya maneno matupu. TAMISEMI hutangaza waliochaguliwa kidato cha kwanza mwishoni mwa mwaka, na miaka ya karibuni imekuwa Desemba. Mtoto aliyekwisha kupata nafasi shule ya binafsi akipangiwa shule ya bweni ya serikali, wazazi wengi hufuata huko, hasa kwa kuwa elimu ya sekondari ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali haina ada tangu 2016. Kiti chake kwenye shule ya binafsi hubaki wazi. Kwa hiyo wiki mbili za mwisho za Desemba na zile za mwanzo za Januari ndizo za kupiga simu tena. Wazazi wengi wanakuwa wamekata tamaa tangu Oktoba na hawapigi, na anayepiga ndiye anayekipata.

Katika wiki hizohizo za kuhangaikia shule ya binafsi, nafasi ya serikali isipuuzwe. Mtoto aliyefaulu na kupangiwa shule ya kata aripoti siku ya kwanza, avae sare, aanze masomo. Anaweza kuhama baadaye, hata mwanzoni mwa kidato cha pili, kama shule anayoitaka itakuwa na nafasi na taratibu za uhamisho zikafuatwa. Anayekaa nyumbani miezi mitatu akisubiri shule nzuri hupoteza masomo, na mara nyingine hupoteza hamu yenyewe ya shule.

Kwa msichana, miezi ya kusubiri ina hatari zaidi, na ni lazima isemwe wazi. Desemba ni likizo, na katika baadhi ya maeneo ya Mara ni msimu wa ukeketaji, ambao mara nyingi hufuatiwa na mipango ya ndoa. Binti asiyejulikana anaingia shule gani Januari ni rahisi kwa ndugu kumpangia maisha mengine. Mahali fedha ya fomu inatosha mtoto mmoja na nyumba ina wawili waliomaliza darasa la saba, fomu ya binti isiwekwe ya mwisho kwa kuwa yeye ni binti. Mwalimu, jirani au shangazi anayeona dalili za hatari aende ustawi wa jamii wa halmashauri au dawati la jinsia la polisi. Nyumba salama za Hope for Girls and Women in Tanzania, zilizopo Butiama na Mugumu, zimekuwa zikiwapokea mabinti wanaokimbia ukeketaji na ndoa za utotoni na kuwasaidia waendelee na masomo.

Watakaojitokeza wakati huu ni vishoka. Mtu wa stendi ya Bweri anayesema anaweza "kulisukuma" jina baada ya muda kupita hana mfumo wowote wa kulisukumia. Dalili zake zinafahamika: malipo yaende kwenye namba yake binafsi, hataki risiti, hataki mzazi azungumze na shule, na kila siku ana haraka. Hata akiwa mwalimu anayefahamika mtaani, fedha ya shule ilipwe shuleni.

Kundi jingine lina saa yake yenyewe, nalo ni la waliomaliza kidato cha nne. Matokeo ya mtihani wa 2024 yalitangazwa tarehe 23 Januari 2025. Kijana ambaye hakufikia alama za kwenda kidato cha tano na anataka kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea ana muda mfupi kuliko anavyodhani: usajili wa kawaida huanza 1 Januari na kufungwa mwishoni mwa Februari, ingawa mtihani ni Novemba. Kwa mwaka huo zilikuwa siku 36 kutoka matokeo hadi kufungwa kwa dirisha. Machi bado anapokelewa, kwa ada yenye faini juu yake. Machi ikipita, amekosa mwaka mzima. Kwa kidato cha sita dirisha la kawaida ni Julai na Agosti, na Septemba ni ya faini, kwa mtihani wa Mei unaofuata. Kijana aende kwanza kwenye kituo anachotaka kufanyia mtihani, apewe namba ya rejea, ndipo ajaze taarifa kwenye mtandao wa NECTA na kupata kontroli namba ya kulipia. Vituo navyo vina ukomo wa watu. Anayekwenda kituo cha Musoma mjini siku ya mwisho ya Februari anaweza kuelekezwa kingine na kukuta mtandao umelemewa.

Waliofaulu nao wana dirisha lao, na wengi hawajui kama lipo. Machaguo ya tahasusi, yaani michepuo ya masomo ya kidato cha tano, na ya vyuo yaliyojazwa shuleni kabla ya mtihani yanaweza kubadilishwa kwenye mfumo wa Selform wa TAMISEMI baada ya matokeo kutoka. Mwaka 2024 na 2025 dirisha hilo lilifungwa 30 Aprili. Binti aliyejaza masomo ya sanaa akiwa na hofu ya hesabu, kisha akapata alama nzuri za Fizikia na Kemia, anaweza kubadilisha kwa dakika chache akiwa na namba yake ya mtihani, bila kumlipa mtu wa steshenari afanye kwa niaba yake na kubaki na nywila yake. Tangu 2024 tahasusi zimeongezeka sana, zikafika 65, kwa hiyo azipitie upya na mwalimu wake. Anayeliacha dirisha lipite hupangwa kwa alichokijaza mwaka uliotangulia. Kwa kijana anayetaka ufundi, Chuo cha VETA Mara kilichopo Musoma nacho huchukua maombi kwa msimu wake, na tangazo lake hutoka nusu ya pili ya mwaka.

Wazazi ambao watoto wao walikuwa darasa la tatu na la nne mwaka 2024 wana sababu ya pekee ya kuanza mapema. Kwa mtaala mpya elimu ya msingi itaishia darasa la sita. Walioanza nao darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao waliokuwa darasa la nne watamaliza la saba chini ya mtaala wa zamani. Makundi mawili yataingia kidato cha kwanza pamoja Januari 2028. Serikali imekuwa ikijenga madarasa kwa ajili yao, lakini shule ya binafsi yenye mikondo miwili haiwezi kuwa na minne ghafla, na fomu zake zitagombewa na watu mara mbili ya kawaida. Mzazi wa mtoto wa namna hiyo atafute kadi ya kliniki sasa, aione tarehe ya kuzaliwa kama bado inasomeka, apite ofisi ya Mkuu wa Wilaya kuuliza cheti, na mwezi wa kwanza wa 2027 apigie simu shule tatu anazozitaka kuuliza majina yatafungwa lini.